Kutosha mafuta ya moteri kwa pompi: namna ya kulinda mashini, maji na shamba



Mara nyingi katika kijarida hiki ninawaandikia juu ya maharagi, viazi na mbolea. Leo nitaandika juu ya moteri. Wengine watasema: agronome anatafuta nini kwenye gereji? Mungoje kidogo, mutaelewa.

Kuna koperative moja ninayoitembelea, jina lake ninaliacha. Ina mashini ya kusaga yenye moteri ya mazutu. Siku moja kijana wa mashini alifanya vidanji sawa vile alivyozoea: alilala chini, akafungua bushoni ya chini ya moteri, mafuta meusi yakamwangika juu ya mawe, nusu kwenye beseni, nusu nje. Wakati wa kufunga alikaza kwa nguvu zote, kwa sababu aliogopa mafuta yatavuja. Kumbe alivunja meno ya bushoni. Jioni nilipita pale, nikaona tone moja linaanguka chini. Nikajisemea: “Fundi atarudi kuikaza kesho.” Sikusema kitu. Usiku mzima mafuta yalitoka polepole. Asubuhi kijana aliwasha bila kupima, wamama wako kwenye mustari na mahindi yao. Saa tatu haijafika, moteri ikashika. Ikazima kabisa.

Kutengeneza moteri ile kulikula pesa ambazo koperative iliweka kwa ajili ya mbegu za maharagi za musimu uliofuata. Kwa hiyo habari ya bushoni moja ikawa habari ya shamba. Na mimi niliyeona lile tone nina sehemu yangu katika kosa lile. Njo maana ninaandika.

Mafuta ya moteri yanachoka

Mafuta ndani ya moteri yana kazi nne: yanalainisha vyuma visisuguane, yanapunguza joto, yanabeba uchafu, na yanazuia kutu. Kadiri moteri inavyofanya kazi, mafuta yanachukua masizi, unga mudogo wa chuma na maji yanayotoka kwenye moshi. Yakichoka, hayalainishi tena. Vyuma vinaanza kulana.

Ni lini ya kubadilisha? Kitabu cha moteri yako ndicho kinachosema, na kila moteri ina hesabu yake. Lakini kwa grupu ndogo za esansi za kuleta mwangaza, desturi ni hii: mara ya kwanza kisha saa 20 za kazi ikiwa moteri ni mupya, halafu kila saa 100. Moteri nyingi ndogo za mazutu za mashini ya kusaga nazo zinaenda karibu na saa 100.

Tufanye hesabu pamoja. Mashini inasaga saa 6 kwa siku, siku 6 kwa juma. Hiyo ni saa 36 kwa juma. Saa 100 zinatimia mbele ya majuma matatu kuisha! Koperative nyingi zinafanya vidanji “wakati mafuta yanakuwa meusi sana” ao “wakati pesa iko”. Hiyo si hesabu. Zaidi ya hiyo, mafuta ya moteri ya mazutu yanakuwa meusi siku chache tu kisha kubadilishwa, kwa sababu ya masizi. Weusi peke yake hauonyeshi kama mafuta yamechoka. Kinachoonyesha ni saa. Mununue kadaftari kadogo, mukafunge kwa kamba karibu na mashini, na kila jioni kijana aandike saa alizofanya.

Sasa mutazame upande mwingine wa hesabu ile. Saa 36 mara majuma 52 ni saa 1.872 kwa mwaka. Ni vidanji 18 hivi. Kama moteri inabeba litri 3, ni litri 54 za mafuta meusi kila mwaka. Hizo ni bidoni mbili za manjano za litri 20, na ya tatu imepita kati. Yote ya mashini moja tu. Ninawauliza: kwenu hizo bidoni mbili na zaidi zinaenda wapi?

Pompi ya kuvuta mafuta ni nini

Kuna njia nyingine ya kutosha mafuta bila kulala chini na bila kugusa bushoni: kuyavuta kwa juu, kupitia tundu la kile kijiti cha kupimia mafuta, ambacho mafundi wanaita joji. Wenye mashua wanaijua sana njia hii, kwa sababu moteri inakaa chini ndani ya mashua na hakuna nafasi ya kufikia bushoni. Katika inchi nyingi, watu wanaotunza gari lao wenyewe nyumbani nao wanaitumia.

Chombo chenyewe ni rahisi. Ni dumu gumu lililofungwa vizuri, lenye pompi ya mukono juu yake na tiyo nyembamba kama kalamu. Unaingiza tiyo kwenye tundu la joji mpaka ifike chini kwenye karteri, yaani tumbo la moteri. Unapiga pompi mara kadhaa, hewa inatoka ndani ya dumu. Halafu unaacha mukono, na mafuta yanapanda yenyewe.

Yanapanda namna gani? Hapa watu wengi wanafikiri pompi inavuta sawa kamba. Hapana. Hewa ya dunia ina uzito, na inakandamiza mafuta yaliyo ndani ya moteri. Ndani ya dumu hewa imepungua. Kwa hiyo hewa ya nje inasukuma mafuta kwenda pale ambapo hakuna wa kuyazuia. Ni sawa na mutoto anayekunywa soda kwa kamurija. Sisi hapa Kanyaruchinya tuko juu, zaidi ya metre 1.500 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Lakini kwa kupandisha mafuta nusu metre, nguvu yake iko ya kutosha.

Kuna aina tatu:

1. Dumu la pompi ya mukono. Linafaa kwa mashini ya kusaga na gari. Halihitaji umeme.
2. Pompi ndogo ya umeme inayofungwa kwenye batri ya volti 12. Ni nyepesi, lakini mafuta mazito ya baridi yanaichosha haraka.
3. Seringi kubwa yenye tiyo. Inafaa kwa pikipiki na grupu ndogo.

Ile ya tatu munaweza kuitengeneza wenyewe. Seringi ya mililitri 60, ile ya waganga wa mifugo, na kipande cha tiyo laini isiyoyeyuka kwa mafuta. Grupu ndogo yenye mililitri 600 itamalizika kwa kuvuta mara 10. Pikipiki yenye litri 1, mara 17. Ni kazi ya uvumilivu, lakini inafanyika. Seringi ile ikishaingia mafuta, isirudi tena kwa mbuzi wala kwa ngombe. Uipake rangi nyekundu ili mutu asikosee.

Na usivute kwa kinywa, hata kidogo. Ninajua tunavyovuta esansi kwa kinywa hapa kwetu. Mafuta yakiingia kwenye mapafu, hata kidogo, yanaweza kuua mutu.

Hatua za kazi

1. Washa moteri dakika 5 mpaka 10, kisha uizime. Hapa asubuhi ni baridi, na mafuta baridi ni mazito sawa asali, hayatapanda. Ungoje tena dakika 10 hivi ili yashuke yote kwenye karteri, na yasikuunguze. Mafuta yanapaswa kuwa ya vuguvugu, si ya moto mukali. Moto mukali unalainisha tiyo na inaweza kubaki ndani.

2. Weka moteri sawasawa, isiiname. Pikipiki isimame kwenye mguu wa kati, si wa upande.

3. Pangusa vizuri karibu na tundu la joji mbele ya kuifungua. Unga wa mahindi na mavumbi ya volkano vikiingia ndani, umeharibu kazi.

4. Tosha joji, ingiza tiyo polepole mpaka usikie imegusa chini. Usilazimishe. Ikigota mapema, uizungushe kidogo na ujaribu tena.

5. Piga pompi, halafu ngojea. Ukisikia sauti ya hewa, inua tiyo kidogo, uigeuze upande mwingine, uivute tena. Mara nyingi kuna mafuta yamebaki kwenye kona.

6. Pima kiasi kilichotoka, na utazame rangi. Kama ni nyeupe sawa maziwa, maji yameingia ndani ya moteri. Kama yanang'aa vipande vidogo vya chuma, kitu kinaliwa ndani. Katika hali hizo mbili, usiweke mafuta mapya na kuwasha. Uite fundi.

7. Badilisha filtri kama moteri inayo, ao uioshe kama ni ya kuosha. Kuweka mafuta mapya na kuacha filtri chafu ni kuoga na kuvaa tena nguo yenye matope.

8. Mimina mafuta mapya kidogo kidogo, ya namba ile kitabu kinaomba. Usimimine tu kwa kichwa. Pima kwa joji. Washa dakika moja, zima, ngoja, pima tena.

9. Andika kwenye kadaftari: tarehe, saa za mashini, litri zilizotoka, litri zilizoingia.

Yale pompi haiwezi kufanya

Sitaki mufikiri ni dawa ya kila ugonjwa. Kwenye moteri fulani, tundu la joji halifiki chini kabisa, ao kuna kibamba cha chuma kinachozuia tiyo. Hapo mafuta fulani yanabaki. Njo maana tunapima: kama kitabu kinasema litri 3 na joji ilikuwa kwenye alama ya juu, lakini umevuta litri 2 tu, basi pompi haifai kwa moteri ile, ao tiyo haijafika.

Tena matope mazito na vipande vya chuma vinalala chini kabisa, na tiyo haivibebi vyote. Kwa hiyo ninashauri: mara moja kwa mwaka, fundi mwenye ufunguo sahihi afungue bushoni ya chini, asafishe, aweke jointi mupya, na akaze kwa kipimo. Mara nyingine zote, pompi. Kwa njia hiyo bushoni inafunguliwa mara 1 kwa mwaka pahali pa mara 18, na meno yake yanadumu.

Na jambo la mwisho: pompi ya mafuta si ya esansi. Mvuke wa esansi ndani ya pompi, zaidi sana ile ya umeme, unaweza kulipuka.

Kwa nini agronome anajali: maji na udongo

Sasa tunafika kwenye sababu yangu kubwa.

Sisi tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ya mwaka 2002 na ile ya tarehe 22 Mei 2021 kila mutu anazikumbuka. Mawe yale yana matundu na mapasuko. Mvua ikinyesha, maji hayatembei juu sawa kule Masisi, yanaingia chini mara moja. Mafuta meusi nayo yanafuata njia ileile. Ukimwanga nyuma ya mashini, kesho huyaoni tena, unasema yameisha. Hayakuisha. Yako chini, na kila mvua inayasukuma mbele.

Mafuta ya moteri yaliyotumika yana masizi, na ndani yake kuna dawa zinazoweza kuleta kansa. Yana pia vyuma kama zinki na risasi. Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira linafundisha kwamba mafuta ya vidanji moja tu ya gari yanaweza kuchafua maji yanayozidi mafuta yenyewe mara milioni moja. Maana yake litri 1 kwa litri milioni 1. Munajua sisi hapa namna tunavyotafuta maji. Mwisho wa mwaka 2022, wakati wakimbizi wa Rutshuru na Kibumba walijaa Kanyaruchinya, kila mutu aliona bei ya bidoni moja ya maji safi. Hatuna maji ya kuchezea.

Kwenye shamba, mafuta yanafunika chembe za udongo. Maji hayaingii, hewa haiingii, mizizi inakosa pumzi. Vidudu vidogo vya udongo vinapojaribu kuyala mafuta yale, vinachukua azoti yote iliyo karibu, na mimea inabaki njano. Kwetu udongo juu ya lava ni mwembamba, pengine urefu wa kiganja tu. Ukiuharibu hapo, hauna mwingine chini yake.

Na bidoni! Hapa ninaomba wamama wanisaidie. Bidoni ya manjano iliyobeba mafuta meusi haioshwi ikawa safi, hata kwa sabuni, hata kwa mchanga na maji ya moto. Plastiki inayanywa mafuta. Kesho mutu anaiuzisha sokoni, mwingine anachotea maji ya watoto. Bidoni ya vidanji ipewe alama: ukate shikio lake, ao uipake rangi nyeusi pande zote. Ikae kwenye nyumba ya mashini, imefungwa, isikae pamoja na magunia ya mahindi.

Maulizo ambayo munaniuliza mara kwa mara

*“Agronome, sisi tunapaka mafuta meusi kwenye mbao za nyumba, muchwa asile. Ni vibaya?”*
Ninajua, nyumba zetu nyingi ni za mbao. Kama umeamua kupaka, usipake ndani pahali watu wanalala, usipake gala la mbegu, kibanda cha kuku, wala ukuta unaopeleka maji ya mvua kwenye sitene. Vaa kitu mukononi. Wazee wetu walijua pia kuinua nyumba juu ya mawe makavu ili muchwa asifike, na hiyo haina sumu.

*“Tunaweza kupaka kwa ngombe mwenye kupe?”*
Hapana. Sumu inapita kwenye ngozi, na ngombe anajilamba. Umuone muganga wa mifugo.

*“Na kuwashia moto kwenye mbabula?”*
Hapana, papa. Moshi wake una risasi na sumu zingine, na watoto ndio wanakaa karibu na moto.

*“Basi tuyapeleke wapi?”*
Muyakusanye kwenye bidoni yenye alama, bila kuchanganya maji wala esansi. Ikijaa, muulize magereji makubwa ya Goma yanayokusanya ya kwao, ao mafundi wa matofali ya sima wanaopaka kidogo kwenye forma zao. Koperative tatu ao ine zikiunganisha bidoni zao, safari inakuwa moja na usafiri unagawanywa. Mpaka hapo, bidoni iliyofungwa ndani ya nyumba ni bora kuliko litri moja juu ya mawe.

*“Tayari tulimwanga kwenye shamba. Tufanye nini?”*
Toa udongo ule mweusi kwa mpauro, uuweke pembeni mbali na maji, uuchanganye na samadi iliyooza na majani, uugeuze kila juma mbili. Vidudu vitafanya kazi polepole, lakini usipande chakula juu yake. Kwa mafuta yaliyomwangika leo, tupia majivu ao unga wa mbao mara moja, mbele ya mvua kufika.

Kwa mkutano wenu unaofuata

Ninaomba kila koperative iweke mambo matatu kwenye mkutano. La kwanza, nani anaandika saa za mashini kila jioni. La pili, kama mutanunua dumu la pompi ninyi peke yenu, ao koperative mbili tatu pamoja, kwa kuwa kila moja inalihitaji saa moja tu kwa majuma matatu. La tatu, bidoni ya mafuta meusi inakaa wapi na nani ana ufunguo.

Na jambo la nne halihitaji mkutano. Ukipita karibu na mashini jioni, ukaona tone moja linaanguka chini, usiseme “fundi atarudi kesho”. Umuite usiku uleule. Mimi nililiona, nikanyamaza, na maharagi ya musimu muzima yakaenda na lile tone.

Kazi njema, na musimu mwema kwenu wote.

Agronome wenu